Siku Tuliyompandisha Zipora kwenye Nyumba ya Hewa

Jumatano, tarehe sita mwezi wa tatu, mwaka 1912, mke wangu Zipora alilala kwenye kitanda cha Mdachi, akafunikwa shuka za Mdachi, akanywa supu ya Mdachi, na Wadachi wenyewe wakawa wanapita nje ya mlango kwa kunyata wasije wakamwamsha.

Mwanamke wa Kigogo. Wa kwenye tembe la udongo. Mwenye tope la shamba kisiginoni.

Ukiona naongopa, acha kusoma hapa hapa.

Tarehe naijua kwa sababu karani wa hoteli yao alikuwa akiitangaza kila asubuhi kabla ya kuita majina yetu wapagazi, kama vile sisi tulikuwa na haja nayo. Tarehe nyingine zote nimezisahau. Hiyo imegoma kutoka.

Shule sikukaa. Mwalimu wa misheni alinifundisha herufi msimu mmoja, nikarudi kuchunga. Kwa hiyo mkikuta nimekosea mahali, vumilieni. Waliosoma ndio walioharibu, mimi naeleza tu.

Basi bwana.

Juu kwenye milima ya Mpwapwa, Wadachi, hao Wajerumani, walijenga hoteli. Ilikuwa na jina refu la Kidachi, kulitamka mpaka uwe na makohozi. Sisi tuliiita Nyumba ya Hewa.

Kwa nini? Kwa sababu walikuja kununua hewa.

Sitanii. Mtu anatoka kwao Ulaya, anapanda meli, anatapika njia nzima, anafika Dar es Salaam anapanda gari moshi mpaka Gulwe, hapo tunamweka mabegani tunampandisha mlima. Akifika juu anakaa barazani kwenye kiti cha kulalia, anafumba macho, anavuta pumzi.

Basi. Hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Jioni analipa.

Hewa ile ile mbuzi wangu walikuwa wanaivuta bure na hakuna aliyewahi kuwasifu.

Ilikuwa nyumba kubwa, sikatai. Ngazi za mawe, vioo virefu kuliko mlango wa kwangu, kinanda, na bafu la chuma lenye miguu ya simba. Bafu lile tulilibeba sisi kutoka Gulwe. Mtu aliyeketi akakipa chuma miguu ya simba, huyo njaa haijui.

Akida wa serikali yao alipita nyumba kwa nyumba wakati wa ujenzi. Wanaume mawe, wanawake nyasi na kufagia. Ukichelewa unasukumwa, ukiwahi unasukumwa.

Ilipokaribia Pasaka ya mwaka ule yakaletwa makasha ya vioo vipya. Wakayavunjia uwanjani, misumari ikatawanyika kwenye majani, na hakuna bwana aliyeinama kuiokota. Halafu akida huyo huyo akawaita wanawake wafagie uwanja upendeze kwa wageni.

Zipora akakanyaga msumari. Ukaingia mpaka kichwa.

Aliung'oa mwenyewe, akaupangusa, akaufunga kwenye upindo wa nguo.

"Msumari wa Ulaya huu," akaniambia jioni huku anachechemea. "Siuachi. Utafaa mlangoni."

Ndivyo alivyokuwa mke wangu. Ukimchoma na mkuki atauliza mpini ni wa mti gani.

Mguu ukavimba. Ukawa mweusi kuzunguka tundu. Tukafunga majani, tukakanda kwa maji ya moto, haukusikia. Nikampeleka kwa mwalimu wa misheni. Akautazama, akanivuta pembeni.

"Yotham, hapa panatakiwa daktari wa kisu. Akate palipooza kabla uozo haujapanda. Mimi nina kwinini na maombi tu."

"Daktari wa kisu yuko wapi?"

"Bomani, mbali. Mkeo hatafika."

Nikarudi nyumbani nikiwa na kwinini na maombi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo jambo lilipojifunga.

Mimi nilikuwa mpagazi wa Nyumba ya Hewa. Jumanne, siku moja kabla ya Jumatano ile, nilipewa sanduku moja nilitoe Gulwe. Sanduku zito, la ngozi, limefungwa mikanda. Nilipolifikisha juu, meneja akalifungua barazani aone kama kuna kilichovunjika.

Meneja huyo tulimwita Bwana Taulo, kwa vile kila asubuhi alizunguka akinusa taulo za wageni. Mtu mzima na ndevu zake.

Nikachungulia. Chupa za dawa. Vitambaa vyeupe. Visu vidogo vimelala kwenye kitambaa chekundu kama samaki. Na msumeno mdogo.



Nikamfuata Shaaban, mkuu wa watumishi. Shaaban alikuwa mtu wa pwani, kanzu nyeupe, mkanda mwekundu kiunoni, na sisi alituona kama vumbi lililopata miguu.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Sema."

"Huyu mwenye sanduku ndiye daktari?"

"Ni daktari. Kwani unaumwa?"

"Chumba chake kipi?"

"Namba tatu, na wewe hakikuhusu. Tua mzigo, ondoka. Unanukia jasho kwenye zulia."

Nikaondoka huku nacheka peke yangu. Daktari wa kisu yupo mlimani kwetu!

Ninyi mnaosoma leo mtasema: Yotham, ulijuaje kama yupo? Uliona sanduku, hukumwona mtu.

Nitawajibu. Sisi ni watu wa njia ya misafara. Baba yangu alibeba mizigo kutoka bara mpaka pwani, na babu vilevile. Katika safari, sanduku la bwana haliachani na bwana. Hata siku moja. Mzigo wa nguo unaweza kwenda mbele, mzigo wa shanga unaweza kubaki nyuma siku mbili, lakini sanduku la bwana mwenyewe linatembea anapoliona. Likitua chini, ujue mwenyewe yuko hapo, anavuliwa viatu. Mpagazi yeyote wa zamani muulize.

Kwa hiyo nilikuwa na hakika kuliko mtu aliyeona.

Jumatano asubuhi karani akatangaza tarehe yake, akaita majina ya watu wanane. Mimi nikiwemo.

"Mchukue machela nyeupe. Gulwe. Kuna mgeni mkubwa anashuka gari moshi la leo."

Nikauliza, "Mgeni gani?"

Karani akanitazama kama nimemtukana mama yake.

"Mpagazi anauliza jina? Unataka kumwoa?"

Wenzake wakacheka. Ndivyo ilivyokuwa desturi yao. Mpagazi haambiwi anambeba nani. Anaambiwa uzito na anaambiwa wapi. Ukiuliza jina unaonekana una lako jambo.

Tukaondoka na machela tupu.

Machela nyeupe ndiyo ilikuwa ya heshima. Paa la turubai, mapazia pande zote, godoro ndani. Ilikuwa na sheria yake: pazia likifungwa halifunguliwi na mtu mweusi mpaka mlangoni mwa chumba. Na pale mlangoni watumishi wote lazima wageuze visogo. Mzungu hapendi kuonekana akishuka machela, kwa sababu anashuka kama kuku aliyefungwa miguu, matako kwanza.

Njia inapita jirani na kwangu. Nikasema niingie mara moja nimwone mama Ruthu.

Binti yetu Ruthu alikuwa mlangoni analia. Zipora ndani amelala, anazungumza na mama yake. Mama yake alikuwa amekufa miaka mingi. Goti lilikuwa limevimba sasa. Weusi ulikuwa umepanda.

Nikatoka nje nikawaambia wenzangu:

"Tumpakie."



Msafiri ndiye aliyejibu. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu safi, rafiki yangu wa bega kwa bega, maana tulibeba mpini mmoja.

"Tumpakie wapi?"

"Kwenye machela. Daktari yuko juu. Sanduku lake nimelitua kwa mikono yangu jana."

"Na mgeni wa Gulwe?"

"Gari moshi la Jumatano limewahi kufika mapema lini? Tunampandisha mama Ruthu, tunageuza, tunashuka mbio. Mgeni akikaa stesheni kidogo atakufa? Si kaja kuvuta hewa? Gulwe nayo ina hewa."

Wakacheka kidogo. Mimi sikucheka.

"Yotham, hii ni kiboko," Msafiri akasema taratibu. "Tutachapwa sisi wote."

"Ni kiboko. Najua."

Akatazama mlangoni, akamwona Ruthu. Akafunga nguo yake kiunoni.

"Haya. Wallahi mkeo huyu aliwahi kunitukana mbele ya watu kwa sababu ya mbuzi. Akipona aniombe radhi."

Tukamlaza Zipora kwenye godoro. Akazinduka, akashika pazia.

"Baba Ruthu, nani kafa?"

"Hakuna. Unapelekwa kwa daktari. Nyamaza ndani humo, ukisikika tumekwisha."

"Ndani ya kitu cha Wazungu?"

"Ndani ya kitu cha Wazungu."

"Mh. Kinanuka tumbaku."

Tukainua. Sasa, wapagazi wakipanda mlima bila wimbo, wa juu wanajua kuna tatizo. Kwa hiyo tulipokaribia tukaanza ule wimbo wetu. Wazungu walikuwa wanaupenda sana, wanatupigia makofi. Maneno yake kwa Kigogo yalikuwa hivi: huyu mzito amekula ng'ombe, amekula na pembe, amekula na mchungaji, tumwangushe wapi?

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba:

"Ni mimi mnaniimbia hivyo?"

Msafiri nusura aangushe mpini kwa kucheka huku machozi yanamtoka.

Tukaingia uwanjani. Kengele ikapigwa. Bwana Taulo akatoka mbio, koti limefungwa mpaka shingoni. Akashangaa kidogo, nadhani kwa kuwa tuliwahi mno. Lakini pazia limefungwa, wapagazi wake, machela yake. Atasema nini?

Akasimama mbele ya machela. Akagonganisha visigino. Akainama.

Akaitolea machela hotuba ya Kidachi.

Machela ikanyamaza.

Akaongeza maneno, akatabasamu. Machela ikakohoa.

Bwana Taulo akarudi nyuma hatua, akamnong'oneza Shaaban, na Shaaban akatugeukia:

"Mgeni amechoka na bahari. Asisumbuliwe na mtu. Pelekeni namba tatu, taratibu, msitikise!"

Namba tatu!

Nikatazamana na Msafiri. Chumba cha daktari! Nikasema Mungu mkubwa, wanatupeleka wenyewe. Nikadhani kwa akili yangu kwamba mgeni akifika anaumwa anapelekwa chumba chenye dawa. Si ndiyo busara? Mimi ningefanya hivyo.

Watumishi wote wakageuza visogo kama sheria inavyotaka. Shaaban naye, na mkanda wake mwekundu. Bwana Taulo akajifanya anatazama milima. Tukamwingiza Zipora, tukamlaza kitandani, tukavuta shuka hadi puani.

Sanduku lilikuwa pale pale, chini ya dirisha.

Daktari hayupo.

"Katoka kutembea," nikasema. "Wazungu asubuhi wanatembea bila kwenda mahali. Atarudi."

Wenzangu wakatoka na machela wateremke Gulwe kama tulivyopatana. Hawakufika getini. Karani akawazuia.

"Mgeni si ameshafika? Machela iingie stoo. Kazi imekwisha, nendeni mkachanje kuni."

Wangemwambia nini? Kwamba kuna mgeni mwingine? Stoo ikafungwa kufuli. Msafiri akajifanya anakwenda porini kuchanja kuni, akashika njia ya Gulwe mbio kwa miguu yake, akamtulize mgeni kwa uongo wowote utakaomjia.

Mimi nikabaki na mke wangu ndani ya chumba cha Mdachi.

Nieleze kile chumba? Kilikuwa na vitu vingi ambavyo havifanyi kazi. Taa tatu. Meza ya kuwekea meza ndogo. Picha ya ng'ombe mnene amesimama kwenye majani, ng'ombe wa kwao, matiti mpaka chini. Wametoka kwao kuja kutazama picha ya kwao. Mnisaidie hapo.

Zipora akawa anapapasa godoro.

"Kitanda hiki kinameza mtu. Nishike."

Nikamshika mkono. Ulikuwa unachoma.

"Daktari yuko wapi, baba Ruthu?"

"Anakuja."

"Ni mzee au kijana?"

"Sijamwona."

"Akiwa kijana mwambie asiogope. Akate tu. Nilizaa Ruthu peke yangu shambani, mguu ni nini?"

Mlango ukagongwa. Nikajificha nyuma ya pazia la dirisha. Mlango haukufunguliwa. Sauti ya Shaaban ikasema kitu cha Kidachi kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, kisha tukasikia sinia likiwekwa chini, na miguu ikienda kwa kunyata.

Supu. Mkate mweupe. Kijiko cha fedha.

Mwezi wa tatu ni mwezi wa njaa kwetu. Uwele bado uko shambani na ghalani unasikia panya wakilaumiana. Nyumbani tulikuwa tunakula mlenda mtupu. Nikampa Zipora supu ile kijiko kwa kijiko, mkate nikauweka kifuani nimpelekee Ruthu.

Akanywa vijiko vichache, akageuza uso.

Nje barazani niliwaona wavuta hewa kupitia dirisha. Wamepangwa kwenye viti vyao, mablanketi magotini, wanavuta pumzi. Mmoja alikuwa na mtumishi wa kumfukuzia inzi. Nikawahesabia pua zile moja moja, nikitafuta ipi ni ya daktari. Nikachagua mzee mmoja mwenye miwani. Nikasema huyo. Akisimama tu kurudi chumbani, nitapiga magoti.

Akasimama. Akaenda chumba kingine.

Jua likapita katikati. Likaanza kuinama. Zipora akawa anapumua kwa juu juu. Weusi ulikuwa umefika pajani, nauona.

Nikalifungua sanduku. Nikashika kisu kimoja. Chepesi kama unyoya. Nikakitazama kisu, nikautazama mguu.

Nikakirudisha. Ng'ombe nachinja, kukata ili mtu apone sijui. Aliyejua hakuwepo, na kila dakika nikasema anakuja.

Ndipo nikasikia kokoto dirishani.

Msafiri. Amelowa jasho, miguu tope mpaka magotini.

"Umemwona mgeni?" nikamnong'oneza.

"Nimeliona gari moshi linaondoka. Nimeona mkia wake tu."

"Na mgeni?"

"Kaondoka nalo. Mtu wa stesheni kaniambia. Kashuka, kasubiri machela muda wote gari moshi linachota maji na kupakia kuni, machela haikuja. Kakasirika, kapanda tena, kaenda Dodoma. Atarudi wiki ijayo."

"Basi afadhali. Kiboko kitapungua."

 Msafiri alikuwa ananitazama vibaya.

"Yotham. Kaacha maneno. Kasema sanduku lake lililotangulia litunzwe vizuri."

"Sanduku gani?"

Akatazama nyuma yangu, sakafuni, chini ya dirisha.

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Ikabidi aseme yote.

"Lililokuja na gari la mizigo juzi. La visu. Huyo mgeni ndiye daktari, ndugu yangu. Sisi ndio tuliotumwa kumchukua."

  Nilishika ukingo wa dirisha.

Gari moshi, jamani. Baba yangu hakuwa na gari moshi. Kwa miguu sanduku na mwenyewe vinakwenda pamoja. Wao wameleta chuma chao, kinabeba sanduku leo na mwenyewe kesho, na hakuna hata mmoja, si karani, si Shaaban, si Bwana Taulo, aliyeona haja ya kumwambia mbebaji.

Nyuma yangu Zipora akacheka. Alikuwa amesikia.

Hakucheka kwa uchungu. Alicheka kama alivyokuwa akinicheka mbuzi wakinikimbia.

"Baba Ruthu," akasema. "Umemwacha daktari Gulwe ukanileta mimi kwa mabegi yake."

Mlango ukafunguliwa. Shaaban na sinia la chai, nyuma yake Bwana Taulo anatabasamu, amekuja kumjulia hali mgeni.

Sinia likaanguka.

"Wewe Mgogo! Nani huyo kitandani?"

"Mke wangu. Mwambie bwana visu viko hapa. Akate mguu, sasa hivi."

"Bwana si daktari!"

"Basi yeyote! Wako wangapi pale barazani? Wamesoma wote! Waulize nani anajua!"

Shaaban hakuuliza. Bwana Taulo alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni, anapiga kelele, na Shaaban akanitafsiria kwa kifupi:

"Bwana anasema shuka zitachomwa."

Hilo ndilo lililomuuma. Shuka.

Wavuta hewa wakajaa mlangoni, leso puani. Waliona mguu wa mke wangu. Mama mmoja akafunika macho. Hakuna aliyesogea.

Machela walitunyima. Tulimteremsha Zipora mgongoni kwa zamu, mimi na Msafiri, na wale wenzetu wengine walipotuona wakatupa shoka za kuni wakatufuata. Hakuna aliyeimba.

Karibu na nyumbani akanigusa sikio.

"Baba Ruthu."

"Naam, mama Ruthu."

"Supu yao haina chumvi. Wana vitu vyote vile, chumvi hawana?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho duniani. Kabla hatujafika mlangoni, nikasikia mgongoni mwangu uzito umebadilika. Mpagazi anajua uzito.

Tukamzika. Siku tatu baadaye askari wakatukusanya wote wanane. Viboko ishirini na tano kila mmoja. Kosa: kutumia machela ya hoteli bila kibali. Karani alilisoma mbele za watu.

Kwa Zipora hakukuwa na kosa la mtu yeyote.

Mnadhani imeishia hapo? Ngojeni.

Wiki iliyofuata karani akaita majina. Machela nyeupe, Gulwe, mgeni. Jina hakutaja! Baada ya yote yale, bado hakutaja. Safari hii hatukuwa na haja ya kuuliza.

Akashuka kijana mwembamba, miwani, madoadoa usoni. Kiswahili hajui hata neno. Akatusalimia kwa kuvua kofia. Wazungu hawatuvulii kofia.

Tukambeba. Na tulipofika kwenye mpando mkali, ule unaoua magoti, akagonga mpini tusimame. Akashuka. Akapanda kwa miguu yake mpaka juu, anapumua kama mbuzi, anatutabasamia. Hakutaka tuchoke.

Nilitamani awe mbaya. Mungu anajua nilitamani.

Barazani akaona damu kwenye nguo yangu, mgongoni. Vidonda vya kiboko vilikuwa vimefunguka kwa kubeba. Akaniketisha, kwenye kiti cha wavuta hewa, mbele yao wote. Akaagiza sanduku lake. Akasafisha mgongo wangu kwa vidole vyake mwenyewe, polepole, kama mama.

Mkono ule ndio niliokuwa nautafuta. Umekuja, na unapaka dawa mgongo wa mtu mzima.

Akauliza kitu. Shaaban akatafsiri bila kunitazama:

"Daktari anauliza umeumia vipi."

Nikamweleza yote. Msumari, sanduku, machela, kitanda chake, mguu. Nilizungumza mpaka sauti ikakauka. Mwisho nikamtuma Shaaban amuulize jambo moja tu.

Shaaban akageuka, akasema maneno mawili matatu ya Kidachi.

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akanipiga bega kidogo, akafunga sanduku.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza Shaaban.

"Nimemwambia ulianguka kwenye mawe. Unataka nikose kazi?"

Ninyi mnaosoma, mimi fundisho langu ni moja na sikulipata shule. Anayekutuma bila kukwambia unamfuata nani, huyo hakuhesabu wewe wala yule unayemfuata. Uliza. Wakikupiga kwa kuuliza, acha wakupige. Hicho ni kiboko cha mapema, kinauma kidogo.

Lakini swali langu bado liko pale pale barazani, kwa sababu daktari yule alikwenda kwao bila kulisikia, na hapa duniani sijampata mwingine wa kulijibu:

Siku ile pale Gulwe, kama mtu yeyote angemwambia kwamba hakuna machela, lakini juu kule kitandani kwake amelala mwanamke wa Kigogo anaoza mguu anamsubiri, je, angepanda mlima kwa miguu?